Magari Juu ya Chumvi

Ukikabidhiwa uwanja wa kuegeshea magari ya watu, usianze kwa kuutazama. Vua kiatu kimoja, ukanyage kwa kisigino, uzungushe kama mtu anayezima kipande cha sigara, kisha usubiri. Vuta pumzi kumi. Kijishimo ulichochimba kikibaki kikavu, endelea na kazi. Kikianza kumeremeta, hata kidogo tu, kama jicho la mtoto anayetaka kulia, wafukuze wenye magari, hata kama miongoni mwao yumo mwajiri wako.

Nawaandikia ninyi vijana mnaovaa vizibao vya kung'aa na kupuliza filimbi kwenye harusi, minada na mikutano. Nawaona. Mnapunga mkono, "njoo, njoo, kata kulia, simama!" Mnaifanya kazi kwa madaha, na inapendeza. Lakini mimi niliyekaa kwenye kiti cha wageni, nimeletewa soda baridi, naisahau mkononi. Mjukuu wangu huniuliza, "Babu, unaumwa?" Siumwi. Natazama matairi. Nikiona gari limesimama juu ya ardhi safi, iliyofagiliwa ikafagilika, soda huwa chungu mdomoni.

Kazi yangu haikuwa na jina. Miaka ile, vijiji vya ujamaa vilipokuwa bado vibichi huku Iramba, magari yalikuwa machache kiasi kwamba tuliyatambua kwa sauti kabla hayajamaliza mlima. Kwenye daftari niliandikwa kibarua wa mnada. Watu waliniita Bwana Majivu, kwa sababu mistari yangu niliichora kwa majivu niliyoomba kwenye majiko ya akina mama. Nilipanga mikokoteni ya ng'ombe, punda, baiskeli kwa makumi, na lori moja moja lililokuja kuchukua mtama au vitunguu.

Aliyenifundisha ni Mzee Nkungu. Alikuwa dereva wa greda la barabara mpaka mgongo ulipomkatalia, akarudi kijijini na vitu viwili: kikohozi na mtaimbo. Mtaimbo ule ulikuwa chuma cha urefu wa kifua cha mtu, ncha imechongoka, na alikwenda nao hata kanisani.

Siku yangu ya kwanza niliegemeza baiskeli moja juu ya nyingine, safu ndefu, nikasimama pembeni kuifurahia. Baiskeli ya kwanza ilikuwa na jogoo amefungwa kwenye usukani. Jogoo akaona jogoo mwenzake. Safu nzima ilikwenda chini kama mtama uliopigwa na upepo. Mzee mmoja wa Kinampanda akanijia ameinyanyua yake.

"Kijana, shikamoo yako naidai baadaye. Baiskeli yangu ilikuja na kengele."

"Kengele ipo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ipo, ila sasa inalia yenyewe."

Mzee Nkungu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akanionyesha: baiskeli hugeuzwa, ikakaa juu ya tandiko na usukani, magurudumu juu. Hapo haiegemei ya jirani, wala jirani haiegemei. "Na gari," akasema, "liegeshe limeangalia njia ya kwao. Mgeni huja kwa adabu, lakini huondoka kwa fujo."

Funzo la tatu nililiona la kipuuzi. "Usimuulize dereva jina lake. Majina ya madereva yote ni Juma au Yohana. Muulize atakula nini."

"Yanihusu nini chakula chake, mzee?"

"Siku utakayomhitaji, hutamtafuta Juma. Utamtafuta mtu wa samaki."

Niliitika kwa adabu, nikalisahau neno hilo kwa muda mrefu.

Sasa niwaeleze siku yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoniamsha mpaka leo.

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa Kitangiri. Kila mwaka, mtama ukishavunwa na kuwekwa ghalani, vijiji vya ufukweni vilishindana kwa mitumbwi. Wavulana wa kwetu walipiga kasia wamejipaka mafuta mpaka mabega yanang'aa, ngoma zikilia, wazee wakigombana na maji kana kwamba maji ndiyo yaliyochelewesha mtumbwi wao. Watu walikuja kutoka Kiomboi, kutoka Singida mjini, hata kutoka Mwankoko kwa baiskeli, wamelala njiani. Lori la asali lilitoka mbali kabisa, Itigi, likiwa na madebe nyuma na nyuki wawili watatu waliokataa kuachana na mali yao.

Kwa wanaume ilikuwa siku ya mitumbwi. Kwa wanawake ilikuwa siku ya soko, soko pekee la namna ile kwa mwaka mzima. Walipanga samaki wakavu, mikeka ya matete, kuku kwenye matenga, karanga, na hasa chumvi. Chumvi ya kwetu haitoki dukani. Wakati wa kiangazi ziwa hujivuta nyuma, likaacha uwanda mweupe, na wanawake huukwangua ule ukoko kwa vipande vya kibuyu, wakauchuja na kuuchemsha mpaka ukatulia kwenye vyungu. Mgeni wa mjini akionja, hununua. Ada ya shule, kanga ya mwaka, dawa ya mtoto, vyote vilikuwa vinangoja siku hiyo.

Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, lori lilizama. Mzee Nkungu ndiye aliyekuwa msimamizi. Dereva alimwambia, "Mzee, mimi najua ardhi," naye, kwa uchovu, akamwamini. Lori lilikaa kwenye tope siku tatu, wageni wakarudi kwao kwa miguu wakitukana. Afisa wa wilayani aliyesimamia sherehe za vijiji akaitisha mkutano. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mjini Singida nako kuna ziwa, tena liko karibu na barabara nzuri. Gari moja likizama tena huku kwetu, mashindano yatahamia huko.

Mzee Nkungu akaambiwa apumzike. Akanikabidhi mtaimbo, na yeye akaanza kuziba pancha za baiskeli ukingoni mwa sherehe. "Mimi siku hizi ni daktari," alisema. "Wagonjwa wangu hawazami."

Nikaachiwa swali moja. Wageni niwaweke wapi?

Juu, nyuma ya shule, kulikuwa na mwinuko wa changarawe. Hapo hata greda lisingezama. Lakini gari likikaa kule, wageni wangeshuka ziwani kwa njia ya upande wa pili, wakatazama mitumbwi, wakapanda kurudi, bila kupita hata chungu kimoja cha chumvi. Wanawake walikuwa wamekaa palepale walipokaa mama zao na bibi zao, chini, mdomoni mwa uwanda. Waliposikia magari yatakaa juu, wakanung'unika kwa mwenyekiti wa kijiji: "Mnatuletea wageni, halafu mnawaficha." Kamati ikaketi, wanaume tupu, ikanipa agizo: tafuta mahali padogo pagumu chini, karibu na soko, ili mgeni akishuka garini macho yake yaanze na biashara.

Nikatafuta. Siku nane kabla ya sherehe niliuzunguka uwanda na mtaimbo. Nikapata kipande kimoja cheupe, kipana, chenye ukoko mnene kama ganda la mkate. Nikapiga chuma: ngo! Nikapiga tena: ngo! Kisigino changu kikabaki kikavu. Nikamleta fahali wa jirani, nikampitisha pale na mkokoteni uliojaa mawe. Ukoko haukupasuka. Nikaweka alama nne za mawe madogo kwenye pembe, nikarudi nyumbani nikiimba.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na ili mlielewe lazima niwaeleze habari za mama mkwe.

Siku hizi nawaona mnapiga picha mmekumbatiana na mama wakwe zenu. Sawa, zama zenu. Kwetu haikuwa hivyo. Nikimwona mama mkwe anakuja njiani, niliacha njia, nikaingia kwenye mtama, nikageuza mgongo mpaka apite. Naye alijifunika kanga usoni. Jina langu hakulitamka, nami lake sikulitamka, na hata hapa sitaliandika. Neno la kwangu kwake lilipitia kwa mke wangu Eliwaza, na la kwake kwangu hivyohivyo. Hiyo haikuwa chuki. Ilikuwa heshima nene, ya kuvaliwa kama blanketi.

Na mama mkwe ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa chumvi.

Nilikusudia kumwambia Eliwaza amwambie mama yake: kile kipande chenye mawe manne msikiguse. Lakini usiku uleule uchungu ukamshika Eliwaza. Mtoto wa kike akazaliwa alfajiri, na mimi nikawa mtu wa kukimbilia kuni, maji, na uji. Neno likaanguka mahali fulani kati ya furaha na kuni. Mawe yangu manne nayo yalikuwa mawe tu; nani angejua kwamba yanasema?

Asubuhi ya sherehe nilishuka na debe langu la majivu. Jua lilikuwa limetoka, ziwa limelala rangi ya fedha, korongo wamesimama majini kwa mguu mmoja kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Nikakiona kile kipande changu, nikasimama. Kilikuwa kimefagiliwa! Hapakuwa na unyasi, kinyesi cha ng'ombe, wala unyayo. Udongo laini wenye rangi ya mkate, na mistari myembamba ya kukwangua, sambamba, kama kichwa cha mtoto aliyechanwa vizuri. Mwajua sisi tulivyo: mgeni akija, tunafagia. Nikasema moyoni, wanawake hawa, Mungu awabariki, wamewafagilia wageni. Machozi kidogo yakanilenga.

Sikupiga mtaimbo. Nilikuwa nimeupiga siku nane nyuma, na kuutoboa uwanja ulioandaliwa kwa heshima namna ile niliona ni utovu wa adabu. Nikachora mistari yangu ya majivu.

Magari yakaja. Kwa miaka ile yalikuwa mengi: tisa. Basi moja, malori mawili, pikapu moja na Landrova tano. Ile Landrova ya Afisa, yenye bendera, niliipa mahali pa heshima, mbele kabisa, pasafi kuliko pote. Afisa akashuka amevaa raba nyeupe. Akakanyaga chini mara mbili, akanitazama.

"Pagumu hapa?"

"Pagumu, ndugu. Nimepapima mwenyewe."

"Nakumbuka tulichokubaliana."

"Nami nakumbuka, ndugu."

Akaenda kwenye jukwaa. Dereva wake akafunga mlango. Na hapo, sijui kwa nini, funzo la Mzee Nkungu likanirudia, nikamuuliza, "Ndugu dereva, leo utakula nini?"

Akashangaa. "Kuku. Lakini awe amechinjwa na Mwislamu."

"Basi kwa Mzee Jumanne, pale kwenye turubai." Nikawauliza na wengine wote. Samaki. Karanga na chai. Pombe ya uwele. Dereva wa lori la asali peke yake alishika tumbo, akasema, "Leo sili kitu, nimeamka vibaya." Hilo sikulipenda, lakini nikaliacha lipite.

Soko likachangamka kama tulivyoota. Mgeni alishuka garini, hatua sita, yuko kwenye chumvi. Nilisikia vicheko vya wanawake na sauti za watu wa mjini wakiuliza, "Hii inatoka wapi?" Nikavimba kifua.

Kisha nikamwona mama mkwe.

Alikuwa ameacha vyungu vyake, anakuja upande wangu, tenga la kuku kichwani. Nikafanya kama mila itakavyo: nikazunguka nyuma ya basi. Naye akazunguka. Nikapita kati ya malori. Nilipochungulia, kanga yake ilikuwa upande wa pili wa lori, inanisubiri. Jasho likanitoka. Mama mkwe hamfuati mkwe. Akimfuata, kuna msiba. Nikawaza, Eliwaza. Nikawaza mtoto wetu ambaye hajapata hata jina. Nikarudi nyuma ya basi, nikasimama, mgongo wangu kwake, nikishika mtaimbo kama mtu anayeshikilia nguzo ya nyumba kwenye dhoruba.

Nikamsikia anatua tenga. Nikamsikia anakaa chini. Kisha akaanza kusema, kwa sauti kubwa, kwa Kinyiramba.

"Wewe kuku, una akili kuliko watu. Wewe hulali mahali kabla hujaparua ukaona chini kuna nini."

Nikakaza shingo.

"Kuku, nisikilize. Hapa kuna mtu ana chuma kirefu, anakibeba kama fimbo ya bwana harusi. Ningekuwa na ruhusa ningemuuliza: hicho chuma kimekuja kutazama mitumbwi?"

Wapita njia wawili wakacheka. Mimi nilianza kupumua. Hii haikuwa sauti ya msiba wa nyumbani.

"Mzazi hajambo na mtoto hajambo," akaendelea, kana kwamba amezisikia mbavu zangu. "Kuku, mwambie huyo mtu hivi: chumvi nzuri kuliko yote mwaka huu ilikuwa hapa. Tumeikwangua sisi, siku tano mfululizo, mpaka jana. Hakuna aliyetuambia. Mwambie hapa hapakufagiliwa. Hapa pamechunwa."

Wanangu, kuna baridi inayoanzia kwenye nyayo. Ule ukoko niliokuwa nimeupima, ule uliosema ngo, ndio uliokuwa umekaa kwenye vyungu, unauzwa kwa wageni hatua sita kutoka hapo. Nilikuwa nimeegesha magari tisa juu ya kidonda.

Nikainua mtaimbo, nikauangusha. Haukusema ngo. Haukusema kitu. Ulikwenda chini kama kijiko kwenye uji, na nilipouchomoa ncha ilikuwa nyeusi na inatoa maji.

"Kuku," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "mwambie mama: kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kuku, mwambie: kutoka anapokanyaga yeye mpaka kwenye gari la bendera. Na mwambie aache kuuliza, akimbie."

Nikakimbia. Ngoma zilikuwa zinaita mbio za mwisho, watu wote wamegeukia maji, filimbi yangu ilisikika kama nzi. Lakini sikumtafuta Juma wala Yohana. Nilikwenda kwenye samaki, nikamkuta wa basi ana mwiba mdomoni. "Gari lako linakaa chini," nikamwambia, naye akaacha samaki mzima mezani. Nikaenda kwenye chai na karanga. Nikaenda kwenye pombe, nikamwinua mwenye pikapu akiwa bado anajieleza. Nikaenda kwa Mzee Jumanne, dereva wa Afisa akanijibu, "Ngoja nimalizie paja," nikamwambia, "Paja utalimalizia Singida, na mashindano yetu pia." Akanawa.

Basi likatoka likinguruma, likiacha mitaro miwili iliyojaa maji papo hapo. Pikapu ikatoka. Landrova nne zikatoka, moja ikiyumba kama mlevi. Lori la mtama likatoka. Yakabaki mawili: la asali na la bendera.

Dereva wa lori la asali hakuwa popote. Mtu asiyekula utamtafuta wapi? Nikapita kila turubai nikiita, mpaka mwanamke mmoja akaninyooshea kidole ziwani. "Si yule?" Nikatazama. Yule mgonjwa wa tumbo alikuwa katikati ya Kitangiri, kifua wazi, anapiga kasia kwenye mtumbwi wa kijiji cha jirani, kijiji cha shemeji zake, na walikuwa wanaongoza!

Nikarudi mbio ukingoni, pale penye pampu na kijisufuria cha maji ya kutafutia pancha.

"Mzee Nkungu. Lori la asali linazama na mwenyewe yuko majini."

Hakuinuka. "Mimi nimeambiwa nipumzike."

"Mzee."

"Waliniambia mbele ya watu, kijana. Mbele ya wake zao."

"Basi njoo ulitoe mbele ya watu."

Akaweka pampu chini. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akatembea, hakukimbia, mpaka kwenye lori. Akapanda kwa taabu, mgongo ukilia kwa sauti ya kusikika. Akawasha. Hakukanyaga mafuta kwa nguvu kama wale vijana wengine. Aliliacha lijisikilize kwanza. Akarudi nyuma kidogo, unene wa kiganja. Akaenda mbele, unene wa kiganja. Nyuma, mbele, kama anayembembeleza mtoto, mpaka matairi yakajichimbia ngazi yake, na lori likapanda likiwa na madebe yake yote na nyuki wake wote. Akalipeleka mpaka juu kwenye changarawe, akaligeuza, likaangalia Itigi.

Likabaki la bendera. Lenyewe lilikuwa limeshakaa. Dereva alikanyaga mafuta, matairi yakarusha tope mpaka kwenye bendera, na gari likashuka zaidi, taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti kabla ya kulala. Na ndipo kelele za ushindi zikapanda ziwani, mbio zimekwisha, watu wakaanza kugeuka. Nikaziona raba nyeupe zinakuja.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe, na safari hii hakusema na kuku. "Wanawake! Mikeka!"

Wakasita. Ile mikeka ya matete ilikuwa kazi ya miezi, mingine ilikuwa imeshapata wanunuzi. Mama mkwe akachukua wa kwake, mpya, wenye nakshi nyekundu ukingoni, akaupita mgongo wangu bila kunigusa, akapiga magoti kwenye tope na kuusukuma chini ya tairi la mbele. Hapo wakaja wote. Mkeka juu ya mkeka, safu mbili, kutoka kwenye matairi mpaka kwenye ardhi iliyo hai. Wanaume wakashika gari nyuma, nami katikati yao, shavu langu kwenye bati la moto. Mzee Nkungu akamwambia dereva wa Afisa, "Shuka, baba, ukamalizie paja lako," akakaa yeye. Nyuma kidogo. Mbele kidogo. Mikeka ikalia, matete yakapasuka kama mifupa ya samaki, na Landrova ikatoka.

Hakuna aliyeshangilia. Afisa alikuwa amesimama pembeni ya shimo. Raba moja bado nyeupe, nyingine nyeusi mpaka kifundoni. Alitazama mitaro. Alitazama ile mistari myembamba ya kukwangua iliyosalia kati ya matairi. Kisha akageuza kichwa, akatazama vyungu vya chumvi, vilivyojaa, hatua sita kutoka pale. Niliona macho yake yanakwenda na kurudi kama mtu anayesoma.

"Ulisema umepapima."

"Nilipapima siku nane zilizopita, ndugu. Leo sikupima. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

"Na hapa," akaonyesha mistari kwa ncha ya raba, "nani alifanya hivi?"

Wanawake wote walikuwa wamesimama na tope mikononi. Ningesema neno moja, chumvi ingepigwa marufuku, na wao wangekosa soko na kazi pamoja. Ningesema jingine, ningekuwa mwongo mbele ya mtu aliyeweza kunipeleka popote. Nimeshawaambia nilivyodhani asubuhi ile. Nikalishika lile la asubuhi.

"Pamefagiliwa, ndugu. Kwa heshima ya wageni."

Mzee Nkungu akakohoa. Afisa akainama, akaokota mkeka mmoja uliopasuka, ule wenye nakshi nyekundu, akaukung'uta, akaukunja vizuri na kumkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili.

"Mwakani," akasema, "msifagie."

Akapanda gari.

Mwakani! Sikulisikia neno lililofuata, lile la kufagia, mpaka mtu mwingine aliporudia kulisema. Mwakani. Maana yake mashindano yamebaki kwetu. Nikakaa palepale kwenye maji ya chumvi, nikiwa na suruali yangu moja ya sherehe.

Mwaka uliofuata tulifanya jambo ambalo mtoto angeliona: magari tuliyaweka juu kwenye changarawe, na wanawake wakapanda na vyungu vyao wakakaa njiani. Kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo? Kwa sababu bibi zao walikaa chini, na kwa sababu kwenye kamati hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukwangua chumvi. Mzee Nkungu alirudishiwa kazi. Yeye akawa wa magari, mimi nikarudi kwenye baiskeli, na sikulalamika.

Jioni ya siku ile ya tope, shemeji yangu alikuja nyumbani na tenga. Ndani kulikuwa na kuku mmoja, jike, wa madoadoa.

"Mama amesema huyu hachinjwi wala hauzwi," akasema. "Amesema ni mkalimani."

Kuku yule alikaa nasi mpaka akazeeka. Kila asubuhi ya sherehe, mama mkwe alisimama nje ya ua, mgongo wake kwangu, akamweleza kuku mwaka ule wamekwangua wapi. Nami, mgongo wangu kwake, nilimwambia kuku kwamba nimesikia, na kwamba mama apokee shikamoo yangu. Uso wake sijauona vizuri mpaka siku tuliyomzika.

Kwa hiyo, wanangu wenye filimbi, kabla hamjachora mstari wa kwanza, mwendeeni anayeuza pembeni ya uwanja huo, mumuulize jana alichimba wapi. Na kama ni mtu usiyeruhusiwa kusema naye, usione haya. Tafuta kuku.